Fomu Yako Ina Kasoro

Nina saiba ndogo hapa Usenge, karibu na barabara inayoteremka ziwani. Ina kompyuta mbili, printa moja, mashine ya fotokopi inayochagua kukwama siku ya foleni, na kibanda cha M-Pesa pembeni. Mtu akiniuliza kazi yangu namwambia najaza fomu. Fomu za basari, za leseni ya mashua, za kitambulisho kilichozama na mwenyewe akaokoka, za ushuru, za cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa kisiwani Mageta. Nilianza enzi za taipureta, na kazi hii imenionyesha jambo ambalo wasomi wa siasa wanaliandikia vitabu vinene. Mwenye mamlaka akitaka kukuzuia hana haja ya kukukatalia. Atakwambia fomu yako ina kasoro, nawe utarudi nyumbani ukijilaumu mwenyewe.

Watu wa rika langu tulizoea kudhani kwamba udikteta huja na vifaru na tangazo la redioni alfajiri, kama walivyojaribu wale askari wa angani Agosti 1, 1982. Udikteta wa siku hizi una Katiba nzuri, Bunge lenye Spika, mahakama, tume ya uchaguzi, na kura kila baada ya miaka mitano bila kukosa. Kila kitu kipo. Ukitafuta mahali pa kuikamata hila, usikimbilie kwenye sanduku la kura jioni ya kuhesabu. Rudi nyuma wiki au miezi, uende kwenye meza ambako karatasi hupokelewa. Mwenye meza ile ndiye anayeamua nani ataonekana kwenye karatasi ya kura, na sisi wengine tunaachiwa kuchagua kati ya waliobaki.

Hili hatukulisoma kwa wenzetu. Lilifanyiwa mazoezi kwetu, tena mapema.

Aprili 1966, Jaramogi Oginga Odinga, mwana wa Bondo hapa, alijiuzulu umakamu wa rais na kukihama chama tawala, KANU. Wabunge kadhaa wakamfuata katika chama kipya, Kenya People's Union, ambacho wazee wetu hadi leo wanakiita KPU kwa sauti ya chini kana kwamba kuna mtu anasikiliza dirishani. Serikali haikukipiga marufuku. Ilikwenda bungeni, na kwa muda mfupi mno Katiba ikarekebishwa: mbunge anayekihama chama kilichompa tiketi arudi kwa wapiga kura. Ukilisoma sharti hilo peke yake, halina ubaya. Hata mimi ningelipigia kura. Ubaya wake ulikuwa katika saa lilipopitishwa na watu liliowalenga. Uchaguzi uliofuata Juni mwaka huo, ambao vitabu vinauita Uchaguzi Mkuu Mdogo, ulikuwa wa viti 29, na KPU ikaambulia 9.

Baada ya hapo kazi ikawa ya makarani. Matawi ya KPU yaliomba kusajiliwa, na mengi yakakataliwa. Viongozi wake waliomba leseni za mikutano, wakanyimwa. Mwaka wa 1968 Katiba ikarekebishwa tena, na mgombea huru akafutwa. Kuanzia hapo kila anayetaka uongozi lazima adhaminiwe na chama. Likumbuke sharti hilo, nitalirudia.

Agosti 1968 ukafika uchaguzi wa mabaraza ya wilaya na miji. Baba yangu mkubwa alikuwa mmoja wa waliotaka udiwani kwa tiketi ya KPU. Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, mtu wa kalamu ya wino, na hati yake ilikuwa nzuri kuliko ya afisa aliyempokea. Akaambiwa fomu yake ina kasoro. Akauliza kasoro gani. Akajibiwa kwamba muda wa kurudisha fomu umekwisha. Alipolisimulia jambo hilo uzeeni hakuwa na hasira tena. Alikuwa bado anashangaa tu, na mara nyingine alichukua karatasi na kutuandikia upya jina lake lote, polepole, kisha akatuuliza sisi watoto: "Kosa liko wapi hapa?"

Hakuwa peke yake. Wagombea wa KPU wapatao 1,800 walikataliwa karatasi zao kote nchini, na KANU ikachukua viti bila kupingwa. Hebu itazame hesabu hiyo kwa jicho la mjaza fomu. Nimeona watu wakikosea kwa kila njia: tarehe ya kuzaliwa inaandikwa mahali pa tarehe ya leo, jina la baba linaruka mstari, saini inapita nje ya kisanduku. Makosa hayana chama. Mlevi hukosea, mchungaji hukosea, profesa hukosea kuliko wote kwa sababu hasomi maelekezo. Kwa hiyo nikiambiwa kwamba watu 1,800 wa upande mmoja walikosea wote, na wa upande wa pili wakapatia wote, sihitaji jaji wa kunieleza kilichotokea.

Na hakuna risasi iliyofyatuliwa. Askari hawakuhitajika, magazeti hayakufungwa, na mabalozi wa nje waliweza kuandika nyumbani kwamba Kenya imefanya uchaguzi wa amani. Kila karani alifanya kazi ya asubuhi moja, akapiga mhuri, akaenda kula chakula cha mchana.

Risasi zilikuja mwaka uliofuata, na nina maoni yangu kuhusu sababu. Mei 1969 kulikuwa na uchaguzi mdogo Gem, baada ya mbunge wake, Argwings-Kodhek, kufariki Januari. Safari hii jina la mgombea wa KPU, Wasonga Sijeyo, lilifika kwenye karatasi ya kura. Akashinda. Julai 5 waziri Tom Mboya akauawa Nairobi. Oktoba 25 Rais Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali mpya, wananchi wakamzomea, walinzi wakaufyatulia umati risasi. Siku tano baadaye KPU ikapigwa marufuku na viongozi wake wakawekwa kizuizini. Sijeyo hakuiona Gem tena hadi 1978. Kwa maoni yangu Gem iliwaonyesha wakubwa kwamba karatasi zikipita, watu wa huku hawapangiki. Bunduki ilichukua zamu pale meza iliposhindwa.

Hata kizuizi chenyewe kilikuwa cha karatasi. Ukisimama bandarini hapa unakiona kisiwa cha Mageta. Miaka ya 1950 Mwingereza aliwafungia huko watu aliowashuku kuwa Mau Mau, bila kesi, kwa hati ya amri tu. Tulipopata uhuru tuliishusha bendera yake lakini hati tukaiweka kabatini. Mwaka wa 1966 tuliitoa, tukaipiga pasi, tukaandika majina mapya.

Sasa lile sharti la 1968. Kuanzia 1969 Kenya ilifanya uchaguzi kwa wakati: 1969, 1974, 1979, 1983, 1988. Asikudanganye mtu kwamba ulikuwa mchezo mtupu. Mawaziri walianguka, wabunge vigogo walirudi mashambani wakilia, na mama zetu walipanga foleni tangu usiku. Mpiga kura wa Bondo alikuwa na uwezo wa kumwangusha mbunge wake. Asichoweza ni kumchagua Jaramogi. Hakukuwa na sheria iliyosema kwamba Oginga Odinga asigombee. Kulikuwa na sheria iliyosema mgombea adhaminiwe na chama, chama kilikuwa kimoja, na chama hicho hakikumpa karatasi. Basi. Mwaka wa 1974 akakosa, 1979 akakosa, 1981 mbunge wa Bondo alipomwachia kiti ili aingie kwa uchaguzi mdogo, akakosa tena kwa sababu ya maneno aliyosema kuhusu Kenyatta na ardhi. Mwaka uliofuata yeye na George Anyona walitaka kusajili chama cha pili. Kwa miaka 13 Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja bila sheria yoyote kusema hivyo, lakini walipotajwa watu wanaotaka fomu ya kusajili chama, Bunge likakutana Juni 1982 na kuifuta fomu yenyewe. Hicho ndicho kilichokuwa kifungu maarufu cha 2A cha Katiba, kilichoifanya KANU chama pekee.

Mambo ya mlolongo wa 1988, watu kujipanga nyuma ya picha ya mgombea na aliyepata zaidi ya asilimia 70 kupita bila kura ya siri, yamesimuliwa sana, nayapita. Hata 1992, vyama vingi viliporudi, wabunge zaidi ya 15 wa KANU walipita bila kupingwa kwa sababu wapinzani wao huko Bonde la Ufa walizuiwa kuifikia meza ya uteuzi. Rais Moi akashinda kwa asilimia 36 ya kura. Mama yangu, aliyekuwa akiuza mbuta, aliendelea kufunga kadi yake ya KANU pamoja na pesa kwenye ncha ya leso kwa muda mrefu baada ya hapo. Nilimwambia haihitajiki tena. "Mwanangu," akasema, "nani amekuandikia?"

Kuna baria mmoja, kijana anayevua karibu na maji ya Uganda upande wa Sigulu, aliyeniambia nikimtolea fotokopi: "Mama, Museveni anapigiwa kura kila mara na anashinda kila mara. Si inamaanisha wanampenda?" Nilimwambia huenda wako wanaompenda, na wengi tu. Lakini Katiba ya Uganda ya 1995 ilikuwa na mlinzi wa vipindi viwili, akaondolewa na Bunge 2005. Ikawa na mlinzi wa umri wa miaka 75, akaondolewa na Bunge Desemba 2017, miezi michache baada ya watu wa usalama kuingia ukumbini na kuwatoa wabunge wapinzani kwa mabavu. Mara zote mbili kura ilipigwa, ikahesabiwa, sheria ikatiwa saini. Januari 31, 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba raia hawapaswi kushtakiwa katika mahakama za kijeshi, wakati Kizza Besigye, mpinzani wa Museveni aliyenyakuliwa hapa kwetu Nairobi Novemba 2024, yuko ndani. Kufikia katikati ya mwaka huo Bunge lilikuwa limetunga sheria mpya inayozirudishia mahakama hizo mlango wa kuwashtaki raia. Kijana akachukua fotokopi zake, akalipa, akasema kumbe huko ni kazi.

Tanzania ndiyo iliyonifanya niandike makala hii, kwa sababu nilihisi ninamsikia baba mkubwa. Novemba 2019, katika uchaguzi wa serikali za mitaa, wagombea wa upinzani walienguliwa kwa wingi katika vijiji na vitongoji. Sababu? Fomu hazikujazwa vizuri. Chama tawala, CCM, kikachukua zaidi ya asilimia 99 ya viti. Miaka hamsini na mmoja baada ya 1968, ng'ambo ya ziwa hili hili, kasoro zilezile, na tena upande mmoja tu. Aprili 2025 Tundu Lissu, mwenyekiti wa Chadema, akakamatwa na kushtakiwa kwa uhaini, na siku chache baadaye tume ikatangaza kwamba Chadema haitashiriki uchaguzi kwa kuwa haikutia saini kanuni za maadili. Chama kikubwa cha upinzani kimekosa saini moja kwenye karatasi moja! Oktoba 29 watu walipiga kura, wengine wakaingia barabarani, intaneti ikazimwa, watu wakauawa, na Rais Samia Suluhu Hassan akatangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98. Ndugu zetu wa Mwanza na Musoma, ambao huja huku kununua na kuuza, walipotea mtandaoni kwa siku kadhaa. Simu zilipopatikana tena walizungumzia bei ya dagaa tu, na sisi tukaelewa.

Msomaji wa Kenya ataniambia sisi tulishatoka huko. Kiasi fulani ni kweli. Naandika haya kwa jina langu na gazeti litayachapa. Katiba ya 2010 ilimrudisha mgombea huru na kuziimarisha mahakama. Lakini nikitazama bichi yetu, sina hakika kwamba tabia ya meza imetutoka.

Bichi za ziwa huendeshwa na kamati za BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa bichi, chini ya kanuni maalumu. Wenye mashua wana nafasi zao, mabaria nafasi zao, wachuuzi zao, na wanawake hawawezi kuachwa. Ni demokrasia safi kwenye karatasi. Katika bichi moja, ambayo sitaitaja kwa kuwa bado nataka wateja, uchaguzi ulifanyika kwa kura ya siri na kwa amani, na mshindi alijulikana wiki kadhaa kabla. Anayepiga kura ni mwanachama aliye kwenye orodha, na orodha ilikuwa mikononi mwa watu waliokuwa wakigombea tena. Wanawake wa omena, waliokuwa wameuliza hesabu ya makato ya kila ndoo, waligundua kwamba majina yao hayapo. Waliambiwa ada zao hazionekani kitabuni. Walikuja kwangu na risiti, nyingine zina magamba ya samaki, tukatoa fotokopi na kuandika barua ya malalamiko. Wachache walirudishwa. Wengine walikata tamaa, maana omena ikishaanikwa haingojei barua, na mvua ikinyesha hasara ni yako wewe na watoto wako.

Hapo ndipo nguvu ya mbinu hii ilipo. Anayekuzuia analipwa mshahara kwa saa unazopoteza ukimfuata. Wewe hulipwi. Kuchelewesha ni bure kwake na ni ghali kwako, na hahitaji hata kukuchukia.

Wala hahitaji kukutisha. Fomu ya basari ina mahali pa mhuri wa chifu, kisha inapita kwa kamati ya hazina ya eneobunge. Sijawahi kumwona chifu wa huku akimnyima mtu mhuri kwa sababu za siasa, na ningemwona ningesema. Lakini Julai 2024, wakati vijana walikuwa bado barabarani kuhusu Mswada wa Fedha, mzazi mmoja alinijia na simu yake. Alitaka nimsaidie kufuta picha aliyojipiga Kisumu akiwa na bendera. Nikamuuliza kama ametishwa. Hapana. Ila mtoto wake alikuwa kidato cha pili na fomu ilikuwa inapelekwa Jumatatu. Hakuna afisa aliyemwagiza. Alijipima mwenyewe, akajikata mwenyewe. Mahakama Kuu iliamua Septemba mwaka huo kwamba sheria ya hazina hiyo inakiuka Katiba, na wabunge wetu wa pande zote, ambao hawakubaliani hata juu ya saa, wakakubaliana haraka kuitetea. Nadhani wanajua ni fomu gani inawaweka pale.

Wengine watasema nayapa makaratasi uzito kuliko damu. Makumi ya watu waliuawa kati ya Juni na Julai 2024, wengine wakatekwa na magari yasiyo na namba za kweli. Kisumu haijasahau Agosti 2017 na mtoto mchanga aliyepigwa rungu mikononi mwa mama yake. Bunduki ipo, sikatai. Ila ukihesabu miaka, siku za bunduki ni chache kuliko siku za mhuri, na nyingi za siku za bunduki hutokea pale ambapo watu wameng'amua kwamba mhuri hauwasikii. Sheria ya Utulivu wa Umma, tangu marekebisho ya 1997, inataka mwenye mkutano awape polisi taarifa tu, siku 3 hadi 14 kabla. Haisemi aombe ruhusa. Nimewachapia watu barua hizo, na huwa nauandika mstari huo wa sheria kwa herufi nzito. Hata hivyo kila mwaka tunasikia runingani kwamba mkutano fulani "haukuruhusiwa", na hakuna mtangazaji anayeuliza ruhusa hiyo imeandikwa wapi.

Kuna pia hila ya kuacha kiti kitupu. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilikaa bila makamishna kuanzia Januari 2023 hadi Julai 2025. Kesi, mivutano ya vyama, jopo la uteuzi kukwama. Kila kuchelewa kulikuwa na maelezo yake halali. Ugunja, hapa hapa Siaya, mbunge wao Opiyo Wandayi alipoteuliwa waziri Agosti 2024, walikaa bila mwakilishi hadi Novemba 27, 2025. Sidhani kuna mtu aliyeketi akapanga kuwatesa watu wa Ugunja. Ilitosha kwamba hakuna mwenye nguvu aliyeumia kwa kuchelewa kule.

Lakini meza ina pande mbili, na hili ndilo linalonifanya nisifunge saiba. Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilifuta uchaguzi wa rais. Miongoni mwa yaliyouangusha ni fomu: 34A za vituo na 34B za maeneobunge. Matokeo yalitangazwa kabla fomu zote za vituo kupokelewa, na nyingine hazikuwa na alama za usalama, mihuri au saini. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu karani wa upande wa serikali ndiye aliyeambiwa fomu yako ina kasoro. Nilicheka hadi nikajiona mkosaji. Furaha haikudumu. Kesi ya kuzuia uchaguzi wa marudio ilipofika Oktoba 25, majaji wawili tu walifika kati ya watano wanaohitajika, siku moja baada ya dereva wa naibu jaji mkuu kupigwa risasi. Mahakama haikufungwa, ilikosa idadi. Siku iliyofuata sisi wa Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori hatukupiga kura, na Uhuru Kenyatta akapata asilimia 98.

Mwaka wa 2022 IEBC iliweka mtandaoni fomu za 34A kutoka vituo 46,229, kila mtu azione. Saiba yangu haikulala. Vijana walikuja na vikokotoo, wakapakua, wakajumlisha kituo kwa kituo, wakitafuta wizi kwa hamu kubwa. Nitasema kitu ambacho hakipendwi huku: hesabu zile zilikaribiana na zilizotangazwa, na Mahakama ya Juu nayo haikuona tofauti kubwa kati ya fomu za mtandaoni na zile halisi. Mgombea wetu, Raila Odinga, alishindwa, na iliuma. Lakini siku zile kijana wa Usenge mwenye simu ya elfu sita alikuwa na karatasi ileile aliyokuwa nayo mwenyekiti wa tume. Hilo baba mkubwa hakuliota.

Ndiyo maana Mei 2025 nilishtuka kuliko kawaida. Mtaalamu wa programu, Rose Njeri, alitengeneza ukurasa wa kuwasaidia wananchi kutuma maoni yao kuhusu Mswada wa Fedha kwa kamati ya Bunge kwa kubofya mara moja. Kwa maneno mengine alifanya kazi yangu, bure, kwa nchi nzima. Akakamatwa, akalala seli, akashtakiwa kwa kuingilia mfumo wa kompyuta. Mahakama ilitupa mashtaka hayo Juni 20. Katiba inadai wananchi washirikishwe. Tatizo lilikuwa kwamba walishiriki wengi mno.

Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Hapa kwetu, tangu tumzike Raila huko Kang'o ka Jaramogi Oktoba 2025, kila mtu anazungumzia nani atarithi na kama chama chake, ODM, kibaki ndani ya serikali au kitoke. Mazungumzo yao nayaheshimu, lakini mimi natazama cheti cha uteuzi. Nyanza tumezoea kwamba mwenye cheti cha ODM amekwisha kushinda, na 2022 baadhi ya vyeti vilitolewa moja kwa moja bila mchujo. Hiyo ni meza iliyo ndani ya nyumba yetu wenyewe, na hatuwezi kuisingizia Nairobi.

Kuna kijana wa Yimbo anayetaka uwakilishi wa wadi akiwa mgombea huru. Sitamtaja, na sijui kama nitampigia kura. Ana maneno mengi. Ila ana haki ya kukataliwa na wapiga kura badala ya karani, kwa hiyo namsaidia. Anahitaji saini 500 za wapiga kura waliosajiliwa katika wadi. Nimemwambia atafute 800. Nimemwambia kila nambari ya kitambulisho ilinganishwe na daftari la wapiga kura, na kila anayetia saini akaguliwe kwanza kwa msajili wa vyama, kwa sababu 2021, mfumo wa kukagua uanachama wa vyama ulipofunguliwa kwenye eCitizen, Wakenya wengi walijikuta wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kuvisikia, na wateja wangu walikuwemo, akiwemo bibi mmoja wa Mageta asiyejua kusoma. Mwenyewe ahakikishe hayumo katika chama chochote angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Fomu azirudishe siku ya kwanza asubuhi, wala asingoje ya mwisho. Aende na watu wawili, mmoja mwenye simu yenye chaji. Na akiambiwa kuna kasoro asibishane wala asipige kelele. Aombe iandikwe, iwe na tarehe, jina la afisa na saini, kisha aniletee karatasi hiyo kabla ya saa saba, tuwe na muda wa kumkuta wakili Bondo.